Kiwiko cha Mdogo Wangu

Kwa maneno ya Mama Dirisha, mdogo wangu alitoka mtaani kwetu akiwa ndani ya godoro. Wanaume wanne walilibeba mabegani kama jeneza, na kwa nyuma ilichungulia miguu miwili yenye soksi za kijivu. Soksi za mdogo wangu.

"Na haikutikisika," akaongeza. "Miguu ya mtu aliye hai hutikisika akibebwa."

Hapo ndipo mliponiacha wiki jana, nimesimama nje ya dirisha lake saa nne asubuhi, kapu la nyuzi mkononi.

Kama magazeti ya nyuma uliyafungia viatu, mambo ni haya. Miezi mitatu iliyopita Mwalimu wetu wa karate alikutwa sakafuni katika ukumbi wake, uani nyuma ya nyumba yetu, mgongo umevunjika. Magodoro yote ya mazoezi yalikuwa yametoweka. Mdogo wangu, mwanafunzi wake aliyempenda kuliko wote, naye alikuwa ametoweka. Mwalimu mpaka leo yuko kitandani, na ukimuuliza anasema aliteleza. Mwalimu ana miaka sitini, na katika hiyo sitini hajateleza hata kwenye sabuni.

Sote tulijua ni Msumari, mwenye ukumbi wa upande wa pili wa barabara, aliyekuwa akimgombania Mwalimu wanafunzi. Siku hiyohiyo Msumari alihama, hakuna aliyejua kaenda wapi. Nami niliapa mbele ya kitanda cha Mwalimu: mdogo wangu nitampata, na aliyeuvunja mgongo ule nitamvunja mikono yote miwili. Mwalimu aliposikia kiapo hicho alifumba macho. Nilidhani ni maumivu.

Sasa turudi dirishani.

"Mama, miezi mitatu umekaa na jambo hili?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

"Nililia mbele ya dirisha hili hili."

"Ulilia. Hukuuliza."

Mama Dirisha ana jina lake alilopewa na wazazi, lakini mtaa mzima tumelisahau, maana tangu ahamie hapa hatujawahi kumwona chini ya kifua. Yeye ni kichwa, shingo, na mikono miwili iliyolala juu ya mto. Mto wenyewe nilimshonea mimi.

"Lilikuwa godoro gani?" nikamuuliza.

"La mazoezi. Yale ya kijani."

"Na walimtiaje ndani?"

"Walimviringisha. Kama unavyoviringisha jamvi na mtoto yuko katikati."

Hapo nikavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi. Mimi ni fundi wa makochi na magodoro. Yale ya ukumbini niliyashona kwa mikono yangu, yote ishirini na manne: sponji ngumu, unene wa vidole vinne, turubai juu na chini. Ukijaribu kulikunja linakurukia usoni. Kumviringishia mtu godoro lile ni sawa na kumviringishia mlango.

"Mama, godoro lile haliviringiki."



"Basi labda walimlaza juu yake."

"Miguu uliiona?"

"Mwanangu, dirisha hili lina nondo, unaona mwenyewe."

"Miguu uliiona, mama?"

Akaupapasa mto wake. "Nilijua lazima iwepo," akasema kwa sauti ndogo.

Ningeweza kumfokea. Lakini uzi ukijifunga fundo mimi huwa sivuti, nautikisa polepole mpaka ulegee wenyewe. Nikaweka kapu chini.

"Iache miguu. Niambie ulichokiona kabla hujaanza kuogopa."

Akakohoa, akaanza upya, na safari hii hakuwa na haraka. Kulikuwa na lori la bluu. Wanaume wanne waliingia uani kwa Mwalimu, wakawa wanatoa magodoro, wawili kwa godoro moja. Kulikuwa na wa tano, huyo alitoka peke yake, amejitwika godoro kichwani, limemfunika mpaka mabegani. Hakuna aliyemsaidia wala kumsemesha. "Nikajua yule ni kibarua wao," alisema.

"Lori lilikuwa na maandishi?"

"Halikuwa nayo. Lilikuwa chafu tu. Magurudumu meupe mpaka katikati, kama limepita kwenye unga. Na mvua ilinyesha kidogo, basi limetudondoshea uchafu wake pale getini mpaka leo. Nimemtuma mwanangu aukwangue kwa kisu, kisu kikapinda."

Nilienda getini nikainama. Madonge matatu ya kijivu yalikuwa yameng'ang'ania ardhi, magumu kama jiwe.

Unga ukinyeshewa hauwi jiwe. Saruji ndiyo huwa jiwe.

Na mji huu una ghala moja tu la saruji lililofungwa, nyuma ya stesheni ya treni.

Sikurudi nyumbani kuaga.

*

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nimejaribu kuingia kwa watu wa Msumari waliobaki mtaani mara mbili, na mara zote mbili nilitoka kwa kukimbia. Safari hii niliamua kuingia kwa mlango. Hakuna ukumbi wa karate duniani usio na godoro lililochanika. Ukifika na sindano, wanakuona kama wanavyomwona fundi bomba: wanajua walikuhitaji, hawakumbuki nani alikuita.

Getini alikaa jitu la mtu kwenye kigoda, pua imevunjika ikaungwa vibaya, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Wenzake wawili waliokuwa wakipakia mabenchi kwenye lori la bluu walimwita Komeo.

"Nimekuja kushona magodoro," nikasema.

"Nani kakuita?"

"Kwani mmeita mafundi wangapi?"

Akafikiri. Mtu mwenye mwili mkubwa hapendi kuonekana hana habari.

"Tulitegemea mwanaume," akasema.

"Hata yeye alitegemea kuja. Tumbo limemshika. Nipite au nirudi nikamwambie mmemngoja yeye?"

Akachungulia kapu langu, akatoa sindano yangu ya kushonea sponji, ile iliyopinda kama ndoana.

"Hii umeikunja kwa hasira?"

"Ilizaliwa hivyo. Kama pua yako."

Wale wawili wa kwenye lori walicheka mpaka benchi likawaponyoka. Komeo mwenyewe alitabasamu upande mmoja.

"Pita, dada mwenye mdomo. Lakini ukimbize mkono. Saa nane lori linaondoka, na tukiondoka haturudi mji huu. Yaliyochanika vibaya tutayaacha."

Nilipovuka mlango nikaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro robo. Miezi mitatu nimetafuta, na nilikuwa nimebakiziwa saa moja na robo.

*

Nilikuwa nimejiandaa kuona minyororo. Nilikuwa nimejiandaa kuona damu. Nikakuta ghala limefagiwa.

Katikati yamepangwa mapipa matupu, mistari miwili mirefu inayotazamana, na kati ya mistari hiyo ni njia nyembamba, imetandikwa magodoro. Ghala lenyewe lingeweza kuegesha malori kumi. Kwa nini watu wajibane?

Nikavua viatu, nikapiga magoti kwenye godoro la kwanza. Nikaupata mshono wangu.

Mshono wangu naujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Namaliza kwa kurudi nyuma mara tatu, kisha fundo nalisukumia ndani lisichubue mguu wa mtu. Fundo lilikuwa ndani. Yalikuwa magodoro ya Mwalimu. Mama Dirisha alikuwa amepika nusu ya hadithi yake, lakini nusu nyingine ilikuwa nzima.

Nikaanza kushona, maana Komeo alikuwa amesimama mlangoni. Nikatia uzi nta, nikachoma, nikavuta. Na macho yangu yakaanza kazi yake nyingine.

Godoro la karate huchakaa kwa mviringo. Watu wanazungukana, wanaviziana, wanageuka, basi turubai linalika huku na huku. Nimeziba mamia. Haya hayakulika hivyo. Yalikuwa yamelika katikati tu, mstari mmoja ulionyooka kutoka godoro hadi godoro, kama njia ya miguu inayoelekea kisimani. Pembeni turubai lilikuwa bado linang'aa.

Nilipima kwa macho nafasi kati ya mapipa. Upana wa hatua mbili.

Mkono wangu ukasimama na sindano hewani. Hatua mbili ni upana wa korido ya nyumba yetu.

Tulipokuwa wadogo Mwalimu alikataa kutupokea. Alisema mpaka mtoto atimize miaka kumi. Mimi nilikuwa na tisa, mdogo wangu ana saba, na subira hiyo hatukuwa nayo. Tulikuwa tunachungulia ukutani mazoezi ya wakubwa, kisha tunarudi kuyarudia koridoni, mama akiwa kazini. Korido ikatufundisha kupigana kwa kubana. Kwenda mbele, kurudi nyuma, hakuna kuzunguka.

Mtu aliyepanga mapipa haya alikuwa anajenga korido yetu.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilipiga magoti kwenye ghala la adui na moyo ukaniruka kama wa mtoto. Yuko hai. Yuko hapa. Wamemteka awafundishe, na yeye anawafundisha hicho tu anachokijua. Nilikuwa tayari naona jinsi nitakavyomtoa.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa. Nikaukazia macho.

"Fundi," sauti ya Komeo ikasema juu ya kichwa changu. "Unashona au unasali?"

"Nasubiri nta ishike uzi."

"Unaangalia ule mlango."

"Macho lazima yaangalie mahali."

"Ya mafundi huangalia nyuzi." Akachuchumaa, uso wake ukawa mbele ya uso wangu, na utani ulikuwa umemtoka wote. "Mimi sikumbuki kukuita. Wenzangu nao nimewauliza, hawakumbuki. Wewe ni nani?"

"Fundi."

"Fundi ana mikono hii?"

Akaishika ngumi yangu, akaigeuza, akatazama sugu kwenye vifundo vya vidole. Sindano haiweki sugu pale. Nami sikungoja aulize mara ya pili.

Nilimpiga kwa kiganja chini ya kidevu. Akayumba, akasimama, akalitema pembeni jino lililokuwa limebaki na mzizi mmoja.

"Haya," akasema, na alisema kwa adabu kabisa. "Sasa tunajuana."

Alikuja moja kwa moja. Njia nyembamba, mapipa kushoto, mapipa kulia, na yeye ameijaza yote. Nilizuia pigo la kwanza, la pili likanipata mbavuni, nikarudi nyuma mpaka kisogo kikagonga pipa. Alikuwa na uzito wa watu wawili kama mimi. Nikaliona bega lake likishuka, nikajua anageuka kupiga teke la nyuma.

Na kabla ya kugeuka, akakunja kiwiko cha kushoto, akakibandika mbavuni.

Niliganda. Teke likanikuta nimesimama kama nguzo, likanipiga begani, nikaanguka na mapipa matatu.

Msomaji, usinilaumu. Ungekuwa wewe ungeganda pia. Upande wa kushoto wa korido yetu palikuwa na kabati la vyombo lenye kona kali. Ukigeuka na kiwiko kimetoka nje, kona inakuchuna nyama. Mimi nilijifunza kugeukia mbele kidogo. Mdogo wangu alijifunza kukunja kiwiko. Na hata alipoingia kwa Mwalimu, kwenye ukumbi mpana usio na kabati wala kijiko, aliendelea kukikunja.

"Kabati liko wapi?" Mwalimu alikuwa akimuuliza, anampiga kiwikoni kwa rula.

"Halipo, Mwalimu."

"Basi unaliogopea nini?"

Miaka kumi na mbili rula ile ilifanya kazi, na kiwiko hakikufunguka. Hakuna shule ya karate inayofundisha hivyo. Ni kosa, na kosa hilo lina mwenyewe mmoja tu hapa duniani. Sasa lilikuwa kwenye mwili wa mtu wa Msumari, limekaa vizuri, limefanyiwa mazoezi asubuhi na jioni na mwanafunzi mwenye bidii.

"Umechoka?" Komeo akauliza.

"Rudia hilo," nikasema nikiinuka.

"Hilo lipi?"

"Teke. Rudia."

Akacheka kwa mdomo wenye damu, akanipa nilichoomba. Bega likashuka. Kiwiko kikakunjwa. Na kila anayekikunja hivyo, macho yake hukifuata chini, nusu ya kufumba na kufumbua, haizidi. Mdogo wangu nimemwangusha ndani ya nusu hiyo mara zisizo na idadi. Nikaingia upande ule, nikamkata mguu aliosimamia, na lile jitu likashuka kifudifudi mpaka ghala likalia. Nilikuwa juu ya mgongo wake kabla vumbi halijatua, mkono wake wa kulia nimeupinda nyuma.

"Nani kakufundisha kukunja kiwiko?"

"Kiwiko gani?"

Hakujua. Alidhani teke liko hivyo.

"Nani kakufundisha teke hili?"

"Ukuta." Alikuwa anasema mdomo umebanwa kwenye turubai. "Tunamwita Ukuta. Mapipa haya kapanga yeye. Anasema mtu akijua kupigana kwenye njia, uwanjani ni mchezo."

"Mmemfungia wapi?"

Mgongo wake ulianza kutikisika chini ya goti langu. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Kumfungia? Dada, funguo za hapa anakaa nazo yeye. Mimi hata kwenda chooni namuomba ruhusa."

"Msumari alimteka."

"Wewe ndiye dada yake," akasema polepole. "Eh. Sasa naelewa huo mdomo."

"Nimesema Msumari alimteka. Alimvunja Mwalimu mgongo, akamchukua mdogo wangu."

"Msumari siku ile tangu asubuhi alikuwa hapa anagombana na wenye ghala. Tulikuwa naye sote. Ukuta ndiye aliyekuja, kwa miguu, amelowa jasho. Akasema njooni na lori mchukue magodoro, mzee hatayahitaji tena." Akatema damu kwenye turubai. "Tulipofika mzee yuko chini tayari. Sisi tulibeba magodoro tu. Mimi nilitaka kumfunika yule mzee hata na koti, Ukuta akasema msimguse."

"Muongo."

"Sawa."

Nikaupandisha mkono wake juu kidogo. Alitoa sauti ambayo sikutegemea kuisikia kwa mtu mkubwa hivyo.

"Sema tena."

"Hatayahitaji tena," akasema, machozi yanamtoka. "Ndivyo alivyosema. Uvunje ukitaka, maneno yatabaki hayo hayo."

Kuna wakati nafumua kochi zima nikidhani springi moja imekatika, nakuta mbao ya chini ndiyo iliyooza. Ndivyo nilivyojisikia. Yule wa tano, aliyejitwika godoro mpaka mabegani, asiyesaidiwa wala kusemeshwa, hakuwa kibarua. Alikuwa anapita mbele ya dirisha la jirani yake na hakutaka sura yake ionekane. Na Mwalimu, ambaye hajateleza maisha yake yote, aliteleza siku hiyo moja, na miezi mitatu anaendelea kuteleza kila akiulizwa. Mtu hamfichi adui yake namna hiyo.

Nikauachia mkono wa Komeo. Hakuinuka. Alilala palepale akiukanda.

"Pole," akasema. Nadhani alimaanisha.

Kitasa cha mlango wa chumba cha nyuma kikalia.

*

Alitoka na kamba mabegani na rundo la funguo kiunoni. Ndevu zimeota. Amenenepa. Miezi mitatu nimemuwaza amekonda, nimemuwaza na pingu, na mtu aliyesimama pale alikuwa amekula vizuri.

Akanitazama mimi, akamtazama Komeo chini, akatazama mapipa yaliyoanguka.

"Kakuangusha upande gani?" akamuuliza Komeo.

"Wa kushoto."

"Nenda nje."

Komeo akaenda, mkono kaukumbatia kama mtoto mchanga. Mlango mkubwa ukajifunga nyuma yake. Tukabaki wawili, mimi juu ya njia ya magodoro, yeye pembeni kwenye saruji.

"Dada," akasema.

"Umenenepa."

"Wanapika vizuri hapa." Akajaribu kutabasamu, ikamshinda. "Mama mzima?"

"Amehamishia kitanda chake mlangoni. Anasema ukibisha hodi asipate shida ya kutembea."

Akatazama funguo zake, akazipanga moja moja kama vile zingekuwa zimechanganyika.

"Na yeye?" Hakumtaja. Sauti ilikuwa imempungua.

"Hakai wala hasimami. Analishwa kwa kijiko. Watu wakimuuliza anasema aliteleza."



"Rudi nyumbani, dada. Nakuomba. Mwambie mama hukuniona."

"Na mimi nina ombi."

"Usianze."

"Ni dogo. Sikuulizi funguo umezipataje. Sikuulizi kwa nini unakula chakula cha Msumari. Sababu zako kaa nazo." Nilikuwa naongea taratibu, maana ningeharakisha ningelia. "Nilisikia jambo hapa, kwa mtu aliyekuwa na mkono wake mashakani, na mtu wa namna hiyo husema chochote. Basi wewe niambie neno lako. Sema si wewe. Ukisema, nakuamini. Natoka hapa, namtafuta mwingine, hata kama itanichukua miaka."

Akaikaza kamba begani.

"Unajua niliapa nini?"

"Habari zilinifikia."

"Mikono yote miwili. Niliapa mbele yake, na mama anasikia, na nusu ya mtaa iko mlangoni. Sikujua naapa juu ya nani. Kwa hiyo nisaidie. Sema si wewe."

Nje lori lilipiga honi mara mbili. Nikaisikia sauti ya Msumari mwenyewe, ile sauti ya kukwaruza niliyoiwinda tangu mwanzo wa hadithi hii. Ilikuwa hatua ishirini kutoka nilipo, na kwa mara ya kwanza sikuitaka.

"Ukuta," ilisema. "Tunakungoja wewe tu."

Mdogo wangu alisimama kati yangu na sauti ile, ametazama mistari ya turubai lililolika, kifua kikipanda na kushuka kama mtu aliyetoka kukimbia mbali.

"Sema si wewe," nikarudia. "Nakuomba, mdogo wangu."

Akatua kamba chini. Akafungua funguo kiunoni, akaziweka juu ya kamba, taratibu, zisilie. Kisha akainama.

Kwenye ukumbi wa karate mtu havui viatu kwa ajili ya joto. Havui kwa ajili ya kupumzika. Anavua kwa sababu moja tu: anataka kupanda kwenye godoro, na juu ya godoro kuna mtu anayemngoja.

Kiatu cha kwanza akakiweka kando, kisigino kimetazama ukuta, kama alivyotufundisha Mwalimu.

"Sema," nikamwambia.

Akaanza kufungua kamba za kiatu cha pili.